Mhandisi Nicodemus Kiti Baya, Aliyekatikiwa na Njia ya Kwao

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemzika leo hapa kisiwani Mombasa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 kijijini Vidunguni, Ganze, kifungua mimba wa marehemu Mzee Baya na Mama Kadzo. Mimi Seth ndiye nimfuataye.

Shule ya msingi aliisoma ng'ambo ya mto, na masika yakifurika alikosa masomo. Nadhani uhandisi aliuanzia hapo. Alifuzu hapa Mombasa mwaka 1985, akaajiriwa na kampuni ya barabara, akasimamia mitaro na makalvati, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, ya Makupa na Kibarani hadi alipostaafu mwaka 2021.

Tarehe 8 Desemba 1990 alimuoa Mbodze. Shemeji husimulia kuwa wakati wa uchumba walikwenda kutembea Ngome ya Yesu, mvua ikawakuta. Bwana alimwacha mlangoni akaenda kuchungulia mtaro, akarudi na matope hadi magotini, amefurahi. Shemeji alijua siku ile kuwa ana mke mwenza.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni daraja dogo la Vidunguni, alilolijenga mwaka 1994. Alilipima kwa mvua za miaka ile, na kwa mvua zile halikuwa na kasoro. Kisha mvua zikabadilika. Alipoona maji yanagusa sakafu ya daraja, alizunguka ofisi baada ya ofisi akiomba lijengwe upya, kubwa zaidi. Walimjibu kuwa daraja bado ni zima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hata ukuta hatukujengewa, na inaniuma.

Figo zilimsumbua muda mrefu. Kabla ya kufariki, alfajiri ya Alhamisi, 9 Novemba 2023, alimwambia mkewe, "Mama Terry, mjini nilikuja kufanya kazi. Nizikeni kwetu, ubavuni mwa mama."

Jumamosi iliyopita tulimsafirisha. Tulipofika mtoni, daraja lake lilikuwa limekwenda na maji. Ng'ambo tuliwaona wazee wamesimama, kaburi wameshalichimba. Tulishinda pale na jeneza, na maji yakazidi kupanda. Jioni baba yetu mdogo, Mzee Mung'aro, alitupigia simu kutoka upande wa pili.

"Mrudisheni, wanangu. Kaburi halilali tupu. Tutazika mgomba mahali pake."

Shemeji aliuangalia mto.

"Basi mgomba ndio utakaolala na mama yake," akasema, akaingia garini.

Marehemu ameacha mjane, Mbodze. Watoto, Terry na Griffins. Mjukuu mmoja, Beryl. Nami ndugu yake. Wazee wa ukoo hawapo hapa, wamekatiwa njia na maji. Tulimwahidi kwao, tukashindwa. Apumzike kwa amani, hapa tulipoweza kumfikisha.