Mwalimu Mbona na Kipimo cha Sikio

Ndugu, jirani na wote mliofunga safari kuja kumsindikiza mpendwa wetu, familia imenikabidhi mimi, shemeji yake, kazi ya kuwasomea maisha yake, na mkinisikia mahali nachekesha msidhani nimekosa adabu msibani, kwani mimi na marehemu tumetaniana miaka hamsini kasoro miezi michache, na sikumbuki hata siku moja aliyokubali kwamba nimemshinda.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Mbona, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Mei 1950, akiwa mtoto wa pili na binti wa pili wa fundi seremala na mkewe, nyuma ya dada yake, ambaye tunaye hapa mstari wa mbele, pole sana dada. Mama yao alikuwa akiapa kwamba neno la kwanza la mtoto huyu lilikuwa mbona, na mimi nilikuwa nikibisha, lakini nikitazama maisha yake yote yalivyokwenda, basi yaishe, mama alisema kweli.

Alianza darasa la kwanza Januari 1958, na hapo naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo lilipoanza swali lililomsumbua miaka ishirini na minane. Miaka miwili kabla yake, dada yake alipelekwa shule hiyohiyo, amevaa gauni jipya, amesukwa na mama yao nywele za uzi zilizosimama wima kichwani, akapendeza kweli, na kabla ya adhuhuri akarudishwa nyumbani kwamba aje mwakani. Mwaka huo ulipofika, mdogo wao wa kiume alikuwa ameshazaliwa, dada akafungiwa mtoto mgongoni, na habari ya shule ikaishia hapo. Ilipofika zamu ya marehemu, wiki mbili kabla alishikwa na mapunye, akanyolewa kipara na kupakwa dawa ya zambarau kichwa kizima, akaenda shule analia njia nzima kwa aibu, naye akapokelewa siku ileile. Mbona mimi, alikuwa akiuliza, na mbona siyo dada, ambaye alimshinda kwa vitendawili, kwa nyimbo na kwa kila mchezo, na wazee wakamjibu kwamba ni bahati tu, jibu ambalo halikumwingia akilini hata kidogo.

Alimaliza darasa la nane Novemba 1965, akasoma sekondari ya bweni hadi Novemba 1969, akapata mafunzo ya ualimu mwaka 1970 na 1971, na Januari 1972 akaajiriwa kufundisha darasa la kwanza, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji, ambako alikaa hadi anastaafu Mei 2010. Jumamosi tarehe 17 Agosti 1974 alifunga ndoa na kaka yangu, fundi umeme, mtu mpole aliyeoa maswali kwa hiari yake, na wakajaliwa watoto watatu, wa kiume mwaka 1976, binti tarehe 3 Septemba 1978, na kitinda mimba wa kiume mwaka 1983.

Kazini kilichomshangaza tangu mwanzo ni madawati, kwamba wavulana walikuwa wakibanana wanne wanne hadi wa pembeni anakaa nusu makalio, huku upande wa wasichana madawati mawili matatu yakibaki hayana mtu. Wenzake, wakinywa chai ofisini, walimwambia kwamba wazazi wa hapa hawamthamini mtoto wa kike, akaitikia, halafu Jumamosi akaenda kuwauliza wazazi wenyewe, nyumba kwa nyumba, kina mama wakasogeza sufuria pembeni na kucheka, haya, Mbona kaja, nao wakamwambia kwamba shule yenu ndiyo isiyowataka mabinti zetu, sisi tunawaleta mnaturudishia. Alipowauliza mabinti wenyewe walisema kwamba walishindwa mtihani, naye akawa anarudi nyumbani anamsumbua kaka yangu hadi chakula kinapoa, mtihani gani jamani, darasa la kwanza lina mtihani gani?

Jibu alilipata Jumatatu tarehe 13 Januari 1986, siku ya kuandikisha, uwanjani, yeye mezani na mwalimu mkuu amesimama nyuma yake. Zamani zile, kwa kuwa watoto wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, umri ulipimwa kwa mkono, mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto, akilifikia ametimiza miaka saba, asipolifikia arudi mwakani, na marehemu alikuwa amewapima hivyo watoto wasio na idadi. Siku hiyo kwenye foleni alikuwemo binti yake mwenyewe, amesukwa na mama yake mkubwa, yaani dada huyu huyu, ambaye wakati huo alikuwa msusi hodari wa kutafutwa na maharusi, na kwa furaha ya mtoto wa mdogo wake kuanza shule alimsimamishia nywele za uzi kwenda juu kuliko zote alizowahi kusuka. Binti akanyoosha mkono, mkono ukapanda kilima cha nywele, vidole vikaishia kwenye uzi, na sikio likabaki mbali. Mwalimu mkuu akasema mwakani, mwingine, na marehemu, aliyejua mpaka saa aliyomzaa mtoto huyo, akabaki amekodoa macho, akatazama foleni yote, vichwa vya wavulana vimenyolewa upara, vichwa vya wasichana vimesimamishwa kwa heshima ya siku, akasema kwa sauti iliyosikika hadi langoni, mbona! Akainuka, akaziminya nywele za bintiye kwa kiganja, vidole vikashuka, sikio likashikwa, kisha akaenda kichwa kwa kichwa akiminya, na mwalimu mkuu alipofoka kwamba anaharibu utaratibu, akamwambia, samahani mkuu, utaratibu umeshawaharibu hawa.

Jioni hiyo alikwenda mbio kwa dada yake, akamkuta anamsuka mteja, akamweleza yote palepale mlangoni, kwamba ni nywele, dada, zilikuwa nywele tu, mimi niliingia kwa sababu ya mapunye. Dada aliweka kitana chini, akacheka sana, kisha akalia, na ndipo marehemu aliposikia jambo ambalo hakuna aliyewahi kulijua, kwamba kwa miaka thelathini dada yake aliamini walimu walimpima akili siku ile, wakamkuta mjinga.

Tangu mwaka uliofuata aliacha mkono, akawapima watoto kwa meno, mtoto anachekeshwa, aliyeng'oka meno ya mbele anaandikwa, na foleni yake ikawa ya vicheko mtindo mmoja, wasichana wakaongezeka hadi madawati yakawa hayatoshi. Dada naye alifundishwa kusoma na ndugu yake, jikoni, na kibao cha saluni yake alikiandika kwa mkono wake.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo Machi 2022, akawa anasafishwa damu mara kwa mara, na Jumatatu iliyopita mwalimu mmoja alipokwenda kumjulia hali alimweleza kwamba vyeti sasa vipo na kipimo cha mkono kimesahaulika, lakini mwaka huu wasichana walioandikishwa ni wachache tena. Akauliza mbona, mwalimu akataja umaskini, akataja uzembe wa wazazi, naye akasema hayo ni maneno ya kwenye chai, mmewauliza wenyewe? Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 9 Januari 2024, saa kumi na moja alfajiri, bila kupata jibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliovumilia maswali yake hadi mwisho, majirani waliotupikia na kutulindia nyumba, na walimu wenzake waliolibeba jeneza. Tunawaomba jambo moja tu, kwamba Jumatatu uandikishaji unaendelea, kwa hiyo mwenye binti wa kuanza shule asikae hapa kutufariji, ampeleke, na ambaye hatampeleka, dada atapita kwake, siyo kumgombeza, kumuuliza tu, kwa sababu safari hii hatujui kinachowazuia, na hatutaki mtoto mwingine akae nyumbani akidhani ni mjinga.

Shemeji, umenishinda. Lala salama, upumzike, kuuliza tutauliza sisi.