Kornelia Bura Akonaay na Zizi Alilojenga Mnadani Basotu

Baba Paroko, wazee wetu, shikamooni. Ndugu, majirani, na ninyi mlioshuka kutoka Bashay na Mbulu mjini tangu alfajiri, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Wanafamilia wamenituma mimi, Marieta, mdogo wa marehemu, niwasomee habari za maisha ya dada yetu.

Kornelia Bura Akonaay alizaliwa tarehe 14 Agosti 1964 katika kijiji cha Bashay, wilaya ya Mbulu. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Bura Akonaay na marehemu mama yetu Lucia. Mama alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo watu walikuwa uwanjani wakipura maharage, na kwamba mtoto alilia kwa sauti kubwa hadi wapuraji wakaweka fimbo zao chini wakauliza kuna nini.

Tangu utoto alikuwa na kipaji cha kuiga mwendo wa watu. Mgeni akishaondoka nyumbani, baba alikuwa akisema, "Kornelia, hebu tuonyeshe huyo aliyetoka." Naye alitoka nje, akaingia tena akiwa mgeni yule yule: anavyoinama mlangoni, anavyotafuta pa kuegemeza fimbo, anavyokohoa kabla ya kusema shida iliyomleta. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Sisi tuliokua naye bado tunazikumbuka jioni zile za baridi ya Julai, moto unawaka, ng'ombe wanacheua upande wao wa nyumba, na Kornelia akiingia na kutoka akiwa kijiji kizima. Mtazamaji wake wa kwanza alikuwa baba.

Alisoma Shule ya Msingi Bashay kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, kisha sekondari ya wasichana hadi mwaka 1982. Shuleni alitunga ngonjera, na mara moja aliadhibiwa kwa kumwiga mwalimu wa zamu wakati mwalimu mwenyewe akiwa amesimama nyuma yake. Mwaka 1985 alichaguliwa kwenda kusomea sanaa za maonyesho Bagamoyo. Wazee wengine walimwambia baba kwamba msichana hapelekwi mbali kujifunza kucheza. Baba aliwajibu, "Kucheza anajua tayari. Anakwenda kuchukua cheti." Akambebea sanduku mpaka stendi ya Mbulu, akasimama hapo hadi basi likaondoka.

Alirudi mwaka 1988 akafundisha shule za msingi za Dongobesh na Basotu. Darasani alipendwa sana. Lakini kazi iliyokuwa moyoni mwake ilikuwa nyingine, na kwa muda mrefu hatukujua tuiite nini. Haikuwa ngoma wala maigizo ya jukwaani. Alikwenda mahali ambapo watu wapo katika shughuli zao, akafanya jambo moja mbele yao, bila kueleza. Watu waliyaita mambo hayo vituko vya Kornelia. Yeye aliyaita kazi, na alituomba na sisi tuite hivyo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa mwaka 1993. Alikuja kwenye mnada wa ng'ombe hapa Basotu na mzigo wa kuni mgongoni, akasimama katikati ya wanaume, akanyamaza. Aliazimia kusimama hivyo mpaka mwanamume mmoja amsaidie kuushusha. Jua lilimpata hapo, na vumbi. Kijana mmoja, fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano, alipiga kelele, "Mama, hizo kuni unauza au unazifundisha kutembea?" Mnada mzima ukacheka. Alasiri mzee mmoja mfugaji, Gidamis wa Hirbadaw, aliinuka alipokuwa ameketi, akaushusha mzigo, akarudi kukaa. Kornelia alimheshimu mzee huyo mpaka alipofariki.

Ndugu zangu, sasa nasoma sehemu ambayo tulibishana kama isomwe. Tulimuuliza baba, ambaye yupo hapa pamoja nasi. Alisema, "Isomeni. Msipoisoma ninyi itasimuliwa na wengine, nao hawakuwepo."

Mwaka 1997 Kornelia alizunguka vijiji vya Hanang na Mbulu akiongea na wanawake. Aliwaomba kitu kimoja: kila mwanamke aliyewahi kupigwa nyumbani kwake amletee fimbo aliyopigwa nayo. Wengi walikataa, na hakumlaumu yeyote. Wengine walizificha katikati ya kuni, wengine wakazifunga ndani ya khanga kama wamebeba mwiko. Huku kwetu kila mwanamume anaijua fimbo yake kama anavyomjua ng'ombe wake: ilipochomwa moto, ilipopinda, mkono ulipoilainisha kwa miaka.

Nyumbani hakuomba. Lakini mama alisikia. Siku ya kuamkia mnada alifika Basotu, sehemu kwa miguu na sehemu kwa lori la mbao, akakaa, akatoa fimbo ya baba ndani ya mzigo wake. Mimi nilikuwepo. Kornelia alisema, "Mama, hiyo hapana. Rudi nayo."

Mama alisema, "Umeomba fimbo za wanawake. Mimi si mwanamke?"

"Baba atakuwepo mnadani kesho. Ataiona."

"Najua. Ndiyo sababu nimekuja leo."

Kornelia hakulala vizuri. Alimpenda baba, na hakuna aliyelijua hilo kuliko mama. Asubuhi akaichukua fimbo hiyo pamoja na nyingine zote. Akazichimbia ardhini moja moja kwa mduara, zikawa zizi, na mlango upande wa mashariki. Akatandika ngozi ya ng'ombe katikati, akakaa. Alikuwa amejiwekea sharti la kutosema neno hadi mnada ufungwe.

Wanaume walikuja kutazama wakicheka, kama kawaida. Kisha kicheko kikapungua. Mmoja aliinama, akatazama kwa karibu, akainuka haraka na kuondoka. Mwingine akafanya hivyo hivyo. Kila aliyeitambua fimbo yake alielewa kwamba akiichomoa atakuwa amejitaja mbele ya mnada mzima. Msimamizi mmoja alikuja akadai kibali. Bibi Mary wa Hirbadaw, aliyekuwa kiongozi katika baraza la wanawake wa wafugaji, alimwambia, "Mwanangu, baraza letu lilikuwa linawatoza faini wanaume kabla hujazaliwa. Wewe kibali chako kiko wapi?" Yule msimamizi akaenda kuangalia mbuzi.

Mchana baba alifika. Alilizunguka zizi taratibu, mikono nyuma. Alipofika kwenye fimbo yake alisimama. Wengi pale mnadani waliijua fimbo ile. Alikuwa ametembea nayo tangu ujana wake. Rafiki yake mmoja alimshika bega akamwambia kwa sauti ya chini, "Bura, twende. Iache tu, nani anajua?"

Baba alisema, "Mimi najua."

Akainama, akaichomoa, akaipangusa udongo. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu mahudhurio, "Hii ni yangu."

Kornelia aliinuka. Sharti lake alilivunja hapo hapo. Alisema, "Shikamoo, baba."

Baba hakuitikia. Aliondoka na fimbo mkononi, watu wakampisha njia. Hakuna mwanamume mwingine aliyechukua ya kwake siku hiyo. Jioni ng'ombe waliondoka Basotu wakiswagwa kwa matawi ya mti, na mzee mmoja alionekana akiswaga ndama kwa kiatu.

Habari ile ilifika mbali, na ndiyo iliyomfanya aitwe Nairobi, Harare na hata Copenhagen. Huko walimwomba azijenge tena fimbo zile kwenye ukumbi. Alikataa. Alipoulizwa sababu alisema, "Wenye fimbo hawapo hapa." Akawafanyia kazi nyingine. Lakini nyumbani gharama yake ilikuwa kubwa. Baba hakusema naye tena. Alipokuja Bashay, baba alitoka kwenda shambani. Wazee wa ukoo walikaa mara mbili kulijadili jambo hilo, na mara zote mbili mama aliingia, akakaa mpaka kikao kikaisha. Mama alituambia kabla hajafariki, mwaka 2016, kwamba tangu siku ile ya mnada hakupigwa tena. Fimbo yenyewe baba aliitumia kuchungia mbuzi.

Yule fundi wa matrekta aliyemcheka mwaka 1993 alikuwa Evarist Wolfgang. Baada ya mnada wa zizi alikwenda shuleni kumtafuta. Alimwambia, "Mwalimu, fimbo yangu haikuwepo pale kwa sababu sina mke. Nataka niulize mapema." Kornelia alimwambia arudi baada ya mavuno. Alirudi. Walifunga ndoa takatifu tarehe 24 Julai 1999 katika Parokia ya Basotu. Mama alikuja harusini pamoja na kaka yetu Patriki. Baba hakuja, na bibi harusi aliendelea kutazama mlango wa kanisa hata baada ya komunyo.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Emanuel na Tekla. Emanuel alipozaliwa, Machi 2001, siku moja asubuhi tulimwona baba anatokea njia ya ziwani, amebeba kibuyu cha maziwa ya mgando na asali ya mzazi. Kornelia alitoka na mtoto mikononi. Alisema, "Shikamoo, baba." Baba alisimama, akamtazama mtoto, akamtazama yeye. Akasema, "Marahaba, mwanangu." Tukaingia ndani tukanywa chai. Juu ya jambo lile hawakuzungumza kamwe mpaka dada alipofariki, na hakuna aliyeona haja.

Baada ya hapo kazi zake ziliendelea, akiwa na mtoto mgongoni na baadaye wawili wakimfuata. Wengi mnakumbuka ya mwaka 2008, pale Bashay, mjane mmoja aitwaye Sara alipoanza kunyang'anywa shamba na shemeji zake. Kornelia aliazima koti la marehemu mume wa Sara, akalivaa, akaenda kukaa kwenye mpaka wa shamba kila asubuhi, amekunja miguu kama marehemu alivyokuwa akikaa, amelaza kichwa upande kama yeye. Shemeji walifika na maksai, wakatazama, wakarudi. Hawakuweza kulima mbele ya koti la kaka yao. Sara bado analima shamba hilo, na mahindi tunayopika leo hapa msibani ametuletea yeye.

Alistaafu ualimu mwaka 2019. Alipenda kukaa uwanjani kwake akitazama ziwa na ndege, akiwafundisha wasichana wa kata hii kusimama mbele za watu. Aliwaambia, "Usianze na maneno. Simama kwanza, wakuone."

Mwishoni mwa mwaka 2022 alianza kuchoka na kuvimba miguu. Alipimwa Haydom, kisha Moshi, ikaonekana moyo wake umetanuka. Alilazwa mara kadhaa. Wodini alijifunza mwendo wa kila daktari na kila muuguzi, na wagonjwa walimngojea aamke ili wacheke. Mwezi Januari mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Baba alikuja kutoka Bashay akakaa naye, na mchana alimpepea nzi kwa kitambaa. Kornelia alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa tatu asubuhi, kengele ya misa ya pili ikilia. Alikuwa na umri wa miaka sitini.

Ameacha mume, Evarist Wolfgang. Watoto, Emanuel na Tekla. Mjukuu mmoja, Philomena. Baba yake mzazi, Mzee Bura Akonaay. Kaka yake Patriki, na wadogo zake Marieta, Joakimu na Michael. Pamoja na wanafunzi wengi ambao hatuwezi kuwataja, nao wenyewe wanajijua.

Wiki mbili kabla hajafariki, wanawake wa vikundi vya kata hii walikuja kumuuliza mazishi yake yaweje. Wengine walitaka wanawake wachimbe kaburi. Wengine walitaka wabebe jeneza wakipita mnadani. Aliwasikiliza wote mpaka mwisho, maana hakuwahi kumkatiza mtu. Kisha akasema, "Nizikeni kama watu wengine. Mkifanya jambo lolote la ajabu, watu watakaa hapo kaburini mpaka jioni wakisubiri niinuke." Akacheka, akakohoa, akaomba maji.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mliotoka mbali mkidhani leo kuna kitu cha kutazama, hakipo. Vijana wamechimba, kwaya imeimba, na padre atasoma masomo yaliyo katika kitabu. Baada ya udongo msisubiri. Nendeni mkale. Dada yetu amelala kweli, na Bwana aliyempa sauti ampe sasa pumziko na amani.