Mzee Brashi na Kibao cha Mtaa wa Mkunga

Huyu tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimwita Mzee Brashi. Alizaliwa tarehe 9 Februari 1951, kitinda mimba wa mfagia barabara. Siku hiyo malkia wa ng'ambo alikuwa apite mtaani kwetu, na mama yake, tumbo likiwa limemlemea, alifagia tangu alfajiri. Malkia akapita na gari, vioo juu, wala hakushuka. Uchungu ukamshika mama palepale kando ya barabara, na Bibi Mkunga wa mtaa huo ndiye aliyempokea mtoto. Lakini barabara ikaitwa Mtaa wa Malkia.

Alisoma hadi darasa la saba katika shule yenye jina la mtakatifu. Mwandiko wake ulimpa sifa, ubishi ukampa viboko. Aliwahi kuuliza huyo mtakatifu alifika lini hapa; akaambiwa apige magoti.

Mwaka 1970 aliajiriwa na halmashauri kuandika vibao vya mitaa. Aliandika wafalme na watakatifu hadi mkono ukawazoea. Siku moja, akiwa juu ya ngazi, mshonaji mmoja alimwita kutoka dirishani.

"Kaka, huyo unayemwandika alitufanyia nini?"

"Sijui, dada. Mimi naandika tu."

"Basi iandike cherehani yangu. Angalau inatuvisha."

Alicheka nusura aanguke. Mwaka 1976 wakafunga ndoa. Mshonaji huyo ndiye mama yetu.

Bibi Mkunga alipofariki, Baba alikwenda ofisini kuomba Mtaa wa Malkia upewe jina lake. Afisa mipango akamwambia, "Mzee, majina ni ya wafalme na watakatifu. Mkunga? Hebu!"

"Kwani wewe ulizalishwa na malkia?"

Jumapili hiyo akatundika kibao: MTAA WA MKUNGA. Halmashauri wakaking'oa, akapaka kingine. Wakamfukuza kazi, akapaka kingine. Aliandikia vinyozi na maduka ili tule, na kibao cha Bibi akakipaka bure. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema akikoroga rangi.

Mwaka jana kiharusi kiliuchukua mkono wake wa kulia. Akashika brashi kwa wa kushoto. Herufi zikaenda upogo, akazitundika hivyohivyo. Alifariki hospitalini tarehe 3 Juni. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Kibao kipo?" Mama akamjibu kipo. Hakikuwepo. Kilikuwa kimeng'olewa juzi yake, na tangu hapo mama alijilaumu kwa jibu hilo.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja.

Leo asubuhi dereva wa gari la maiti, mgeni wa mji huu, alipotea njia. Aliwauliza kina mama waliokuwa bombani Mtaa wa Malkia ni upi.

"Malkia? Huku? Labda unatafuta Mtaa wa Mkunga. Nyoosha, kata kushoto."

Akafika. Mama aliposimuliwa, ndipo alipolia kwa mara ya kwanza. "Kumbe sikumdanganya," alisema.

Kibao kipo, Baba. Pumzika kwa amani.