Neno Analolisema Bulaimu

Sikilizeni wanangu, lakini kwanza mufunge mulango, maana mashemeji wa Bulaimu wako barazani wanajifanya kupepeta mpunga, na mpunga ule ulikwisha kupepetwa jana. Nyinyi watatu munatosha. Mwavita, niinue kichwa. Hayo maji uliyoleta, Bulaimu, anza kunywa mwenyewe. Mama yako ni mugonjwa, si mujinga.

Kufa siogopi. Naogopa siku ya kunizika. Musafiri, huyu mwanangu, ametoka gereza la Kasongo mara ya tatu, na Bulamatari, muzungu wa serikali, amesema akirudi tena watamupeleka mbali, kule ambako hata kaburi la mutu halijulikani. Mara ya kwanza alimupiga kapita, musimamizi wa pamba, na hapo sina neno, kapita yule hata mimi ningemupiga. Lakini mara mbili zilizofuata alimupiga ndugu yake Bulaimu, sokoni, na polisi yuko karibu. Mbona polisi yuko karibu kila mara? Mbona kila mara shamba langu la bondeni linangoja kuvunwa, na anayebaki kulivuna ni Bulaimu peke yake? Nilijiuliza, nikanyamaza, maana kikulacho kiko nguoni mwako, na ukikisaka mbele ya watu unabaki uchi.

Basi leo nalisema mwenyewe lile neno unalomuchoma nalo Musafiri mpaka anakupiga, Bulaimu: “Baba alikufa akikuita, na wewe ulikuwa unakula ugali wa gereza.”

Musafiri, kaa chini. Kaa, mwanangu, upumue, sijamaliza. Kichwa cha baba yenu kilikuwa mapajani mwangu, na hakumuita mutu. Aliuliza kama mvua imenyesha, nikamujibu imenyesha, akafa. Na Bulaimu siku hiyo alikuwa safarini, mbali kule Wamaza, alifika tumekwisha kuzika. Alisikia kwa sikio la nani?

Nyumba hii ni yako, Bulaimu, sikunyimi, nakujua lakini nimekuzaa. Mwavita achukue mbuzi na vyombo vyangu vyote. Shamba la bondeni ni la Musafiri. Usifurahi haraka, Musafiri, hata wewe sikuamini bado. Wanasema gerezani ulikuwa mupole; gerezani fimbo inamufanya kila mutu mupole. Mutu asiye na kitu cha kumuamsha asubuhi, hasira ndiyo inamuamsha. Sasa ndege wa mpunga watakuamsha, wanafika kabla ya jua. Ukitukanwa, moyo ukipanda, jiulize kwanza: kesho nani atawafukuza? Mimi sitakuwepo.

Munisikie vizuri, sauti inakwisha. Nyinyi wawili ndio mutashuka kaburini kunipokea, Musafiri kichwani, Bulaimu miguuni. Mukiwa mumenishika, hakuna mukono utakaobaki wa kupiga, wala wa kumuita polisi. Halafu mutoke pamoja, mule sahani moja, watu wote wawaone.

Mwenyezi Mungu awape mvua kwa wakati wake... awape watoto wanaosikia... Mwavita, usilie karibu na sikio langu.

Bulaimu, mbona umeinama? Sema neno lile tena. Niko hai bado, nami nilisikie kutoka kinywani mwako, ndugu yako akiwa hapa.

...

Huwezi.

Basi, mwanangu... na nikiwa chini ya udongo, usiliseme.