Mzee Libena na Jalada Lake Mwenyewe

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Ndugu Hermenegildi Libena anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Anaacha dawati la mafao ambalo wengi wetu tumeliogopa kuliko kiti cha daktari wa meno.

Aliajiriwa katika ofisi yetu hapa Ifakara mwaka 1991, karani wa masjala, kijana mwembamba kutoka upande wa Mahenge. Miaka minane baadaye, akiwa tayari dawati la mafao, alifika mbele yake Konsolata, mjane wa Namawala. Marehemu mumewe, fundi pampu wetu, alijaza fomu ya warithi akiwa kapera, akaandika jina la kaka yake, kisha akaoa na kusahau. Konsolata alirudi nyumbani bila mafao, na cheti cha ndoa tu mkononi, na shauri lake likachukua miaka sita.

Tangu hapo Libena akajiwekea utaratibu: mwenye ndoa hachagui namna ya kulipwa pensheni wala hataji warithi mpaka mwenzi wake aketi naye na kusomewa kila mstari. Hakuna waraka uliomwagiza hivyo. Walionung'unika walikuwa wengi, wanaume hasa. Dereva mmoja alimleta dada yake kutoka Kivukoni, ajifanye mkewe. Libena akauliza harusi yao ilikuwaje. Dada akajibu kwamba hakuhudhuria, siku hiyo alikuwa na homa. Walirudishwa wote wawili, kwa heshima zote.

Januari mwaka huu zamu yake ikafika. Alimkabidhi fomu yake ya pensheni Yunis, karani kijana aliyefundishwa kazi na Libena mwenyewe. Mzee alikuwa ameijaza peke yake nyumbani: apokee malipo makubwa ya mkupuo kadiri inavyoruhusiwa, anunue pawatila, trekta dogo la mkono. Yunis akamwamkia, akauliza mama yuko wapi. Mzee akajibu kwamba mama yuko shambani, na kwamba wao wawili wanaelewana, hawana haja ya mambo hayo.

Yunis akafungua jalada. Fomu ya warithi ilikuwa ile ile ya 1991: mama yake mzazi, aliyekwisha fariki, na mdogo wake Fidel. Bi Valeria, mkewe wa miaka thelathini, hakuwamo.

Mzee akachukua kofia yake, akaondoka.

Alhamisi walikuja wote wawili. Bi Valeria alivaa gauni la kanisani na miwani, akasoma ukurasa kwa ukurasa bila haraka. Mumewe akasema kwa sauti ya chini kwamba alisahau.

"Wake za watu wote uliwakumbuka," Bi Valeria akasema.

Mzee akainamisha kichwa, akamwomba radhi mbele yetu. Sisi wengine ghafla tukawa na kazi nyingi. Bi Valeria akaamua kwamba pawatila isubiri. Kwanza iezekwe nyumba yao ya Lipangalala, iliyokaa miaka tisa bila bati, na hati yake iwe na majina mawili. Zikajazwa fomu mpya, ya malipo na ya warithi, akasaini yeye kwanza. Mzee akasaini chini yake.

Tangu wiki ile watumishi kumi na mmoja wameomba kuona majalada yao, mwandishi huyu akiwamo. Nilichokikuta ndani nitamweleza kwanza mke wangu.

Mzee Libena, wapo wake na waume waliofika kwako hawajui haki zao, wakaondoka wanazijua. Kwa hao tunakushukuru. Tunawatakia, wewe na Bi Valeria, afya njema, mvua za kutosha na miaka mingi ya kubishana kwa amani.