Maman Euphrasie na Meno Manne ya Papa Gérard

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha meno hapa Bukavu, Maman Euphrasie Nabintu anastaafu. Aliingia kama mfagizi, akasomea uuguzi jioni baada ya kazi, na tangu hapo wagonjwa wengi wamemwogopa yeye kuliko sindano.

Aliipenda kazi tunayoikwepa sisi wengine: kusafisha meno hadi chini ya fizi, robo moja ya mdomo kila wiki, saa nzima ameinama. Huku akifanya kazi aliimba nyimbo za misa kwa sauti ya chini, na hakuna mgonjwa aliyeweza kumwomba anyamaze, maana mdomo ulikuwa wazi.

Miaka minne iliyopita alikuja Papa Gérard, mpiga tarumbeta wa fanfari, yaani bendi ya parokia. Fizi zake zilikuwa zimeugua kwa muda mrefu. Meno manne ya mbele yalicheza, na bila hayo angeiaga tarumbeta. Daktari aliamua kuyang'oa. Maman Euphrasie akaomba apewe miezi mitatu: usafi ule wa kina, pamoja na doksisiklini, dawa ya kuua vijidudu, lakini kwa dozi ndogo sana, asubuhi na jioni.

Akakosea neno moja tu. Alimwambia mgonjwa kwamba dawa ni "kidogo". Papa Gérard akaelewa ni ya watoto, akameza vidonge sita kwa mpigo, na kesho yake akarudi ameshika tumbo.

"Maman, miye niko mutu muzima," alilalamika. "Hii dawa ya batoto itanisaidia nini?"

Hakumcheka. "Haiko ya kuua microbe, papa. Iko ya kuzuia nyama ya meno isiendelee kulika. Ukiongeza, unaharibu."

Neno "kidogo" likapigwa marufuku kituoni. Siku hizi wote tunasema "dawa ya kulinda".

Miezi mitatu ilipoisha, fizi zilikuwa zimeacha kutoa damu na meno yamekaza. Pasaka iliyofuata Papa Gérard alipiga tarumbeta mbele ya kanisa zima, na meno yote manne anayo hadi leo.

Daktari aliyekuwa ameshachukua koleo ni mimi ninayeandika. Nilikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu, naye hakubishana. Alinishika mkono, akaomba ile miezi mitatu. Asante, Maman. Tunakutakia utulivu nyumbani kwako Mumosho, afya njema na wajukuu wenye adabu. Jumatatu nitashika koleo tena, na hakutakuwa na wa kunishika mkono.

Dkt. Delphin