Nyumba Isiyoandikiwa Sharti

Ndugu zangu, na nyinyi mabibi mlioketi upande ule, mwenyekiti wa chama chenu ndiye aliyeniita hapa mbele hali akijua napenda kusema. Nikizidisha, mlaumuni yeye. Karibu nyote mna nyumba za wageni, hapa Amu na kule Shela, na tovuti inayowaletea wageni hao niliitengeneza mimi. Leo nataka kuwaeleza jinsi tovuti hiyo ilivyoniangusha, na ni nani aliyeniinua.

Kujisifu sioni haya, kwa hiyo nianze hapo. Mimi ni mtoto wa Siyu. Sikurithi nyumba ya mawe wala sina mjomba mwenye cheo. Nilikwenda Nairobi na begi moja, nikauza mayai ya kuchemsha miaka mitatu huku nikisoma, nikapata diploma ya kompyuta, nikaajiriwa na watu waliodhani Lamu hatuna umeme. Niliporudi, diploma niliitia fremu. Mkija kwangu mtaiona kabla hamjaketi.

Chama kiliponipa kazi hii sikutaka njia ya mkato. Nilibuni tagi zangu mwenyewe. Nawaambia maana yake kwa lugha ya kwetu: tagi ni neno fupi ninaloliandika kwenye ukurasa. Seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, ikilikuta humwita mtumishi wake, programu ndogo iliyo nyuma ya pazia, naye huchora nyumba nzima: picha, vyumba na masharti. Tagi zote pamoja huwekwa kwenye maktaba. Wenzangu wengi wa Nairobi hununua maktaba za watu wengine. Mimi niliandika yangu.

Siku ya kwanza seva ilikataa. Ukurasa mzima ukajaa maandishi ya hitilafu, yakisema maktaba haionekani. Mwenyekiti alikuwa kando yangu, akatoa tasbihi mfukoni. Nikacheka. Faili la maelezo ya maktaba nilikuwa nimeliweka kwenye folda ambayo seva haitazami. Nikalihamisha, nikaiwasha seva upya, nyumba zenu zikatokea zote. Mwenyekiti akaniita injinia mbele ya watu, nami sikumsahihisha.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Mnakumbuka fomu za karatasi mlizojaza. Palikuwa na nafasi ya masharti ya wageni. Wale wanaopokea yeyote waliandika "wageni wote". Wengi wenu hamkuandika kitu, na mlikuwa na haki, kwani Amu nyumba isiyoandikiwa sharti ni nyumba ya familia. Hapana anayehitaji kuambiwa. Nami nililijua hilo, nikamfundisha mtumishi wangu tangu mwanzo: kama hakuna neno, onyesha "familia tu". Nilijipongeza, nikisema fundi wa Mombasa asingeliwaza hilo.

Mnakumbuka pia mlivyotaka orodha ya nyumba ipangwe upya kila wiki, ili asiwepo wa juu daima na wa chini daima. Hilo nalo nililifanya.

Mwezi wa pili tangu tovuti ifunguliwe, vijana wawili wa kiume, wageni kutoka bara, walibisha mlango wa Bi mmoja hapa mtaani. Ni mjane, anaishi na binti zake, na amesomesha Kurani chuoni kwake watu wengi waliomo humu ndani. Walikuwa na mabegi na simu, na kwenye simu nyumba yake imeandikwa "wageni wote". Aliwaeleza kwa upole, wakaenda kwengine. Lakini majirani walikuwa wameketi kwenye madaka ya mbele ya milango yao wakiangalia, na mnajua jinsi neno linavyotembea kwenye vichochoro vyetu. Kufikia Magharibi palikuwa na watu wanaosema Bi amechoka kungoja familia, sasa afungulia yeyote.

Alikuja kwenye mkutano kama huu akauliza kwa nini. Nikafungua kompyuta mbele yenu. Kwenye orodha ya wiki ile nyumba yake ikasoma "familia tu". Nami, ndugu zangu, badala ya kujiuliza, nilisimama na diploma yangu nikasema: "Bi, kompyuta haisemi uongo. Labda fomu ulijaza vibaya, kisha ukaja ukabadilisha."

Alijifunika buibui lake vizuri akatoka. Na nyinyi mkaendelea na mkutano, mimi nikaona nimeshinda.

Wiki iliyofuata mwanamume mwingine akabisha mlango ule ule. Binti mkubwa wa Bi alikuwa anaposwa siku zile, na watu wa upande wa mposaji wakaanza kuuliza maswali. Mwenyekiti akaniita faraghani, akaniambia kwamba Bi akivunjiwa jina kwa ajili ya tovuti, tovuti itafungwa, na yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kuifunga. Nikakaa siku mbili na ile maktaba. Hakuna hitilafu hata moja. Wiki moja nyumba ya Bi ilisoma sawa, wiki nyingine si sawa. Nilimlaumu mwenye seva, nikalaumu mtandao. Nikaishiwa na wa kulaumu.

Basi nikaenda kwake. Alinikaribisha dakani, akanipa chai, na kwa utaratibu wa mwalimu akatoa karatasi mbili. Ya kwanza nakala ya fomu yake, nafasi ya masharti haina kitu. Ya pili aliandika mwenyewe: kila wiki, nyumba ipi ilikuwa juu yake kwenye orodha. Wiki alizokosewa, nyumba ya juu ilikuwa ya "wageni wote". Wiki alizokuwa salama, ya juu ilikuwa imeandikwa "familia tu". Mimi mwenye diploma nilitazama ukurasa. Yeye alitazama jirani.

Akaniuliza, "Huyo mtumishi wako, ni moya au wengi?"

Nikamwambia kwa fahari ni mmoja, hutumiwa tena na tena ili kazi iende haraka.

"Na akitoka nyumba hii kwenda ile, hukosha ubao?"

Sikuelewa. Akanionyesha mbao za wanafunzi wake zilizoegemezwa ukutani, zikikauka baada ya kuoshwa aya za jana. "Mtoto akiya na ubao hakuukosha, aya ya yana iko pale pale. Akipewa aya mpya ataandika juu yake. Asipopewa kitu, atasoma ya yana, tena kwa sauti."

Hapo nikalielewa kosa langu. Nilikuwa nimemwagiza mtumishi: ukiletewa sharti, liandike, ukiletewa nafasi tupu, usiguse kitu. Nilidhani asipogusa atabaki na "familia tu" niliyomfundisha mwanzo. Kumbe alibaki na neno la nyumba aliyotoka. Nyumba zote za mfano nilizojaribia kabla ya kuwapa tovuti niliziandikia sharti kwa mkono wangu, kwa hiyo kosa halikupata nafasi ya kutokea. Lilingoja watu wa Amu, wanaonyamaza kwa sababu jambo lajulikana.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: kabla ya kila nyumba, futa vyote, anza upya. Niliuandika pale pale dakani. Bi akahesabu nyumba zote kwenye skrini kwa kidole, moja moja, akasema, "Sasa sawa. Lakini mimi nilisemwa mkutanini, mwanangu."

Ndiyo maana kwenye mkutano wa Alhamisi iliyofuata mliniona nikisimama tena. Nilisema kosa ni langu, Bi hakubadilisha neno, na nyumba yake haijawahi kufunguliwa asiyestahili. Nilikwenda pia kwa wale wa posa nikasema vivyo hivyo. Mnajua harusi ilivyokuwa, wengi wenu mlikula pilau yake.

Namshukuru mwenyekiti kwa kunitisha. Namshukuru Bi: hana cheti cha kompyuta, lakini nimefanya kazi na mainjinia wa Nairobi na sijaona mwenye akili iliyopangika kama yake. Diploma yangu bado nairingia, msinitarajie niache. Lakini hitilafu iliyojaza skrini niliimaliza kwa kicheko, na ile iliyonishinda haikuandika hata herufi. Mnaojua ilipo ni nyinyi mnaoishi ndani ya nyumba hizo.

Kompyuta ninayo hapa, imewaka. Mwenye nyumba iliyokosewa aje aseme sasa. Sitamuuliza alijaza fomu vipi.